Kibuyu cha Mama na Ufuta Uliorudi

Mpendwa wifi yangu Mwajabu,

Nianze na habari yenyewe, maana wewe hukuwa mtu wa kungoja salamu ziishe: tumeshinda. Juzi gari la watu wa mbegu limesimama hapa uani, pale pale ulipokuwa ukianika kanga zako, na wageni wakashuka wakauliza kama ni kweli ndiko kwenye ule ufuta. Nikawaambia ndiko. Nikawapa viti, nikawaacha wakae kidogo na hamu yao kama ambavyo ungefanya wewe, ndipo nikaingia jikoni kuchukua kibuyu.

Sasa wameondoka na mimi nimeshindwa kukaa na furaha hii peke yangu. Kaka yako Athumani nimemsimulia mpaka ameanza kwenda msikitini kabla ya adhana. Wanangu wanasema, mama, tumesikia. Basi nimeona nikuandikie wewe. Kuandika tulijifunza pamoja kwenye kisomo cha watu wazima, dawati moja, wewe ukichungulia hesabu zangu na mimi nikichungulia imla yako, kwa hiyo mwandiko wangu unaujua na hautakusumbua hata huko uliko.

Unakumbuka siku niliyoletwa hapa Handeni? Nilitoka kambini, kwenye shamba la mkonge kule chini Korogwe, binti wa mtu aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge na asirudi tena kwao. Nilikuja na sanduku la bati, rozari ya mama yangu imefungwa kwenye kitambaa, na mikono iliyokomaa kwa kusuka kamba. Majirani walikuwa wakinitazama vidole. Wewe ulinishika mikono yote miwili, ukaigeuzageuza, ukasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu, "Athumani kaoa kamba! Sasa mbuzi wetu hawapotei tena." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyenicheka tena isipokuwa wewe.

Ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa umeachika, umerudi kwa mama yako na kikapu kimoja, na badala ya kuinamisha kichwa ukaingia kwenye mikutano ya chama na kutoka huko ukiwa balozi wa nyumba kumi. Uhuru ulikuingia mwilini, wifi. Ulitembea kama ulipewa wewe mkononi ukaambiwa uwagawie wengine.

Na Mama, mama yako na mkwe wangu, alikuwa tofauti nawe kwa kila kitu. Mpole, maneno machache, na ufuta wake. Ule ufuta aliupata kwa mama yake, naye kwa mama yake, na ulikaa kwenye kibuyu juu ya kichanja cha jikoni, umezibwa kwa gunzi, moshi ukiulinda na wadudu. Kila masika alishusha kibuyu akatoa mbegu, lakini hakukimaliza hata mara moja. Konzi moja ya mbegu ilibaki chini. Mvua ikimdanganya, ana pa kuanzia. Nilipomuuliza kwa nini hauchanganyi na wa majirani alinionyesha shambani, hakunieleza kwa mdomo. Mche wake ulitoa matawi tangu chini. Kwenye kila kifundo cha jani palikaa maganda matatu, wakati kwenye wa jirani lilikaa moja. Na yale maganda yalipokauka yalifumbua mdomo kidogo tu, yakashika mbegu zao mpaka uupindue mche kichwa chini ndipo yaachie. Ufuta wa wengine uliiva leo, kesho umemwagika, unaugombania na sisimizi. Wa Mama ulimngoja Mama.

Lakini yote hayo yalionekana shambani tu. Kiganjani, punje zake na za jirani zilikuwa ndugu, nyeupe zenye vumbi, huwezi kuzitofautisha hata ukivaa miwani. Hilo ndilo lililotuponza.

Ikaja kuhamia vijijini. Wengine walihama wamenuna, wengine walihamishwa, wewe ulihama ukiimba. Uling'oa mlango wa nyumba ya zamani ukaubeba kichwani mwenyewe, na sisi nyuma yako na kuku na masufuria, mpaka hapa kando ya barabara ya Korogwe, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Kamba yenyewe nilisuka mimi, usisahau.

Masika yalipokaribia, mwenyekiti wa kijiji akatangaza kila nyumba ilete mbegu ya ufuta kwa ajili ya shamba la kijiji. Turubai likatandazwa mbele ya ghala. Nia ilikuwa njema kabisa. Tulitoka pande nyingi, kila ukoo na mbegu yake, na sasa tumekuwa kitu kimoja, basi na mbegu ziwe kitu kimoja. Nani angepinga? Watu walikuja na vikopo, na vitambaa vilivyofungwa fundo, na vibuyu, wakasimama kuzunguka turubai kila mmoja akimwangalia mwenzake aanze.

Ukaanza wewe. Naiona kanga yako ya siku ile, na kibuyu cha Mama umekibeba mikono miwili. Ukamimina. Ulipoona mkondo umekwisha, ukakigeuza kitako juu, ukakipiga makofi matakoni kama mtoto mtundu mpaka punje ya mwisho ikadondoka. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nilikuwa mmojawapo, mtoto mgongoni. Kisha wote wakamimina juu ya wako, na mwenyekiti akaingiza koleo akakoroga.

Mama alikuwa jikoni akimenya mihogo. Alipoona kibuyu kimerudi chepesi, aliuliza neno moja tu.

"Umebakiza?"

"Mama mwe, ujamaa haubakizi."

Akakipokea kibuyu, akakiinamisha juu ya kiganja chake. Hakikutoka kitu. Akakirudisha kichanjani, akakiziba kwa gunzi lake kana kwamba kimejaa, akaendelea na mihogo yake. Hakukugombeza. Lakini tangu jioni ile hakukuita tena Mwajabu, wala mwanangu. Alikuita Balozi. "Balozi, chakula kiko tayari." "Balozi, mvua hiyo, anua nguo zako." Kwa adabu zote, kama anazungumza na mgeni kutoka wilayani.

Wifi, ungepigwa ungepona mapema. Ulizoea kelele, ukimya ulikumaliza. Ulicheka mbele za watu, ulisimamia zamu za palizi, lakini nilikuwa nakuona ukiosha vyombo vya Mama mara mbili mbili ili akuite jina. Siku moja uliniambia kisimani, "Nataka ufuta wake urudi kwenye kile kibuyu akiwa hai. Kingine sitaki." Nikakuuliza utaupataje, umekorogwa kwa koleo. Ukasema, "Ukiota utajisema."

Na kweli ulijisema, ila kwa namna iliyotutia aibu kijiji kizima. Shamba liliota likapendeza. Watu wa mabasi ya Korogwe walitoa vichwa madirishani kuliangalia. Halafu likaanza kuiva, na hapo ndipo tulipoelewa tulichofanya. Ufuta mfupi wa ukoo mmoja ulikauka mapema ukafumuka, punje zikamwagika zikaliwa na kware. Ufuta mrefu wa ukoo mwingine, uliosimama nao bega kwa bega, ulikuwa bado una maua, nyuki wamejaa wanavuma. Mwingine ulikuwa mbichi huku chini na mkavu huku juu. Wazee wakasema tukate. Wengine wakasema tukikata sasa tunakata majani. Tulikaa kikao pale pale shambani, na kwa kuwa tulikuwa watu wa maelewano, tukakubaliana tukate katikati ya tarehe za wote. Tukapoteza wa mapema kwa kuchelewa na wa mwisho kwa kuwahi. Kilichoingia ghalani kilikuwa aibu, na mkutano ukaamua mwaka unaofuata shamba la kijiji liwe la mtama mtupu.

Lakini siku ile ya kukata, wakati watu wanabishana, wewe ulikuwa umepotea katikati ya shamba. Nikasikia unaniita. Nikakimbia nikidhani umekanyaga nyoka. Nikakukuta umekaa chini, miguu umeinyoosha, machozi yanakutoka, na mkono umeushika mche mmoja kiunoni. Matawi tangu chini. Maganda matatu matatu. Yamekauka, yamefumbua mdomo kidogo, na ukiuchungulia unaona punje zimo ndani zimetulia.

"Huyu hapa, wifi," ukasema. "Huyu hapa mama yangu."

Nilifumua ukingo wa kikapu changu cha katani pale pale. Tukafunga uzi kwenye ule mche, tukatafuta mwingine, tukafunga. Kila nilipouona mmoja nilikuwa napiga kelele "Wifi! Wifi!" na wewe unakuja mbio unaukagua, mara unakubali, mara unanicheka kwamba nimekamata wa jirani. Wenzetu wakadhani tumerukwa na akili. Tukamwomba mwenyekiti miche yenye uzi ikatwe na sisi wenyewe, naye akakubali kwa kuwa alikuwa amechoka kubishana.

Hapo ndipo alipoingia yule bwana shamba kijana, Msambaa wa Kwashemshi, aliyekuja na baiskeli na koti zito kama huku kwetu kuna baridi. Ulimchokoza lile koti tangu siku ya kwanza. Alikaa barazani akasikiliza habari zetu zote, akatazama miganda yetu midogo iliyoegemezwa ukutani, akasema mambo mawili. La kwanza, tusioteshe karibu na ufuta mwingine, kwa sababu nyuki hutembea na unga wa maua, na mtoto anaweza kuzaliwa hafanani na mama. La pili ndilo mlilogombania.

Wewe ulikuwa na mche wako mmoja uliouita bibi harusi. Ulikuwa mkubwa kuliko yote, umejaa maganda mpaka umeinama. Ulitaka tusie mbegu za huo peke yake, hiyo mingine tuikaange tule. Bwana shamba akakataa.

"Mama, chukua kwa yote iliyofungwa uzi," alisema. "Hata huo mfupi. Hata huo uliochelewa."

"Wa nini? Nataka wa Mama, na wa Mama ndio huu."

"Yote ni ya Mama. Lakini hata ndani ya mbegu moja hawafanani. Yupo anayevumilia jua, yupo anayependa maji, yupo anayewahi. Ndiyo maana huyo mzee amevuna miaka yote, ya mvua na ya ukame. Ukimchukua mmoja tu, umechukua bahati ya mmoja."

Ukamwambia kwenu Kwashemshi mnalima ndizi, ufuta mmeuonea wapi. Akacheka, hakukasirika, kijana wa watu. Mwishowe mkakubaliana nusu: bibi harusi apewe mistari yake peke yake, na hiyo mingine yote ichanganywe ioteshwe upande wa pili. Ulifanya hivyo ili umkomoe, na ulimwambia hivyo usoni.

Palikuwa na mahali pamoja tu pa kusia. Mahame. Kule tulikohama, mbali na shamba lolote la ufuta, kwenye kiwanja cha nyumba ya zamani ambayo mlango wake uliubeba kichwani. Tulikwenda alfajiri tukarudi mchana, majembe tumeyafunga ndani ya kanga yasionekane. Lakini kijijini nani hafichuliwi? Haikupita muda nikasikia kisimani kwamba balozi aliyetuhamisha kwa nyimbo sasa anarudi mahame kimyakimya.

Ukaitwa mkutanoni. Nilikaa nyuma na akina mama nikikuombea, kwa sababu nilijua wangeweza kukuvua heshima yote mbele ya watu uliowaongoza. Mwenyekiti akakuuliza kama ni kweli. Wengine wangekana. Wewe ulisimama, ukafunga kanga kiunoni vizuri, ukasema:

"Kweli. Sikurudi kuishi. Nimekwenda kuichukua mbegu niliyoileta hapa mwenyewe nikaipoteza hapa mwenyewe. Ikipatikana, ni ya kijiji. Isipopatikana, tafuteni balozi mwingine."

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Msimu mmoja," akasema. "Ukitoka mikono mitupu, ubalozi unaachia, na mahame hayo tunayachoma moto."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilikuuliza kwa nini umejifunga hivyo mbele ya kijiji kizima. Ukasema, "Si ndiyo nitapalilia kwa nguvu?" Na tukapalilia, wifi. Tulipalilia mpaka mikono yangu ya katani ikatoka malengelenge, na wewe ukasema sasa angalau nimekuwa Mzigua.

Bibi harusi alitokeza watoto wazuri ajabu. Wanene, majani mapana, wamelingana kama askari wa gwaride. Ulipita kwenye mistari yao ukiwasifu kwa sauti ili siku bwana shamba akija upate maneno ya kumpa. Upande wa pili ulikuwa vurugu. Huyu mrefu, huyu mfupi, huyu ametoa maua, huyu bado. Wengine hawakuwa wa kwetu kabisa, nyuki wa shamba la kijiji walikuwa wameshafanya yao, tukawa tunawang'oa wenye ganda moja moja mara tu tunapowatambua. Uliutazama upande ule ukasema unatia huruma.

Halafu mvua ikakatika. Ilikatika mapema, kabla maganda hayajajaa, na jua la Handeni unalijua. Watoto wa bibi harusi walikuwa wamezoea kunywa. Walilegea wote kwa pamoja kama walioambizana, na ulipofungua ganda ulikuta maganda ndani ya maganda, punje hamna. Siku ile ulikaa juu ya jiwe la jikoni la zamani la Mama, lile lililobaki mahame, hukusema kitu. Ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kukuona umenyamaza kwa hiari yako.

Mimi nikaenda kwenye ile vurugu. Nikaanza kufungua ganda moja moja. Wale warefu walikuwa wamekufa kama wa bibi harusi. Lakini wale waliowahi walikuwa wamekwisha kujaza kabla mvua haijakatika. Na wale wafupi, wale ulioniambia tuwakaange, walikuwa wamesimama wakavu, wenye matawi, maganda matatu matatu, wamejaa mpaka juu. Na hawakumwaga hata punje kwenye jua lile. Nikajaza mapafu yangu hewa ya mahame, nikakuita kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tena maishani.

"Wifi! Wifi mwe! Wifi njoo!"

Wafugaji waliokuwa wakipitisha ng'ombe upande wa pili wa korongo walisimama wakadhani kuna msiba. Ulikuja, ukapindua mche mmoja juu ya kiganja chako, na punje zikamiminika. Ukapindua wa pili. Ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukakaa chini, ukasema, "Yule mtoto wa koti kanishinda! Nitamweleza nini sasa?" Tulicheka wote wawili tukishikana mabega, katikati ya mahame, watu wazima na watoto wetu nyumbani.

Hatukuukung'uta kulekule. Ulitaka Mama auone ukiwa bado kwenye mche. Tukaifunga miganda kwa katani, tukaijitwika, na badala ya kupita njia ya nyuma kama tulivyozoea, ulipita katikati ya kijiji, mbele ya ghala, mbele ya mwenyekiti, polepole kama bibi harusi mwenyewe. Mimi nyuma yako nilikuwa nimeinua shingo mpaka ikaniuma.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Tulimwamkia, akaitikia. Tukaegemeza miganda ukutani, tukasimama kama wanafunzi wanaongoja kusahihishiwa. Alinyanyuka taratibu. Akachomoa mche mmoja. Akapitisha kidole gumba kwenye kila kifundo, chini mpaka juu, midomo yake ikitembea. Akauinamisha, punje zikamwagika kiganjani, akatafuna chache. Akachomoa mwingine, mfupi, akafanya vile vile.

Akaingia jikoni. Tulisikia kichanja kikilia. Akatoka na kile kibuyu, akang'oa gunzi.

"Mwajabu, mwanangu," akasema, "shika kibuyu, nimimine."

Wifi, vigelegele nilivyopiga siku ile nadhani Vugiri kule mlimani walivisikia. Wewe ulikuwa umekishika kibuyu kwa mikono miwili kama siku ile ya turubai, ila safari hii unalia na kucheka pamoja, na Mama anapindua mche baada ya mche, mbegu zinaingia kibuyuni zikifanya ule mlio wake. Kilipojaa, akakutazama akasema, "Na konzi ya chini usiiguse, hata akija rais." Ukasema, "Ndiyo, Mama." Nilikuwepo. Ni mara pekee nimekusikia ukisema ndiyo bila kuongeza neno.

Ulimweleza bwana shamba mwenyewe, hukumficha. Ulimchinjia kuku, ukamwambia, "Kula, umenishinda." Akala akiwa na koti lake. Na ahadi uliyoitoa siku ile kwenye mkutano uliitimiza. Ulisimama tena mbele ya kijiji ukasema mbegu imepatikana, na si ya kwetu tu. Kama ufuta wa Mama umetoka kwenye ule mchanganyiko, basi na wa wengine unaweza kutoka. Kila ukoo uoteshe mbegu ya ghalani ukatafute wake, aliyebakiza konzi alete, na shamba la kijiji lirudi kwenye ufuta, ligawanywe vipande. Ule mfupi wa kuwahi ukae juu kando ya barabara. Wa Mama ukae katikati. Ule mrefu wa kuchelewa ukae bondeni kwenye unyevu. Kila kimoja kikatwe siku yake. Umoja wetu uko kwenye kukata pamoja, ulisema, si kwenye kukoroga.

Na mavuno yale, mbegu zilipokwisha kutengwa! Tulikata kipande cha juu, tukapumzika, tukakata cha katikati, tukapumzika, tukakata cha bondeni. Hakuna kware aliyenenepa mwaka ule. Ghala lilijaa mpaka magunia yakalala nje chini ya turubai lile lile, na lori la ushirika lilipofika dereva akauliza kama tumeongeza shamba. Mwenyekiti akamjibu hatujaongeza hata hatua moja. Ulikuwa umesimama karibu naye, na nilikuona ukijizuia kusema kitu, na ukashindwa.

Wifi, uliondoka mapema mno. Nimekasirika nawe kwa hilo na bado nimekasirika. Homa ilikuchukua wakati wa maua, na mimi nikaenda kuvuna peke yangu nikigeuka kila mara kukuita. Mama alikufuata baada ya muda mfupi, na kabla hajaondoka alinikabidhi kibuyu mimi, binti wa kambi, mbele ya ukoo wote, na hakuna aliyefungua mdomo. Nililia siku ile kuliko siku niliyomzika mama yangu mzazi. Nakukosa shambani, nakukosa kisimani, nakukosa hata ninapokosea, maana hakuna anayejua kunicheka vizuri.

Sasa sikia ya juzi. Wale wageni walikuwa wamekuja na yule bwana shamba wetu. Ameota mvi kidogo, na koti bado analo, nakuapia. Wamepita nyumba hadi nyumba wakichukua mbegu kwenye kila kibuyu, ufuta mfupi na mrefu, kila ukoo wa kwake, bila kuchanganya, wakautafutie mahali pa kuuhifadhi na kuuotesha usipotee. Alituambia hapajawahi kuonekana kijiji kimoja chenye aina nyingi hivi za ufuta zikiwa zimetengana. Nilicheka peke yangu. Ingelikuwa si kukoroga kwetu, tusingejua kutenga.

Nilipowaletea kibuyu, binti mmoja kati yao alishika mfuko wake wa karatasi nami nikamimina. Mkondo ulipofika pale ninapopajua mimi na wewe, nikakiinua. Akauliza kama umekwisha. Nikamwambia umekwisha wa kutoa.

Akachukua kalamu. "Ufuta huu unaitwaje, mama?"

Unajua Mama hakuupa jina, aliuita ufuta tu. Lakini tangu wale wafugaji waende sokoni Handeni na kisa cha wanawake wawili wanaopigiana kelele mahame, watu wamekuwa wakija hapa na vikopo vyao wakiulizia kwa jina moja. Hata kutoka Kwashemshi wanakuja. Hata mama mmoja wa Vugiri alikuja, nikamwambia kwenu baridi, ufuta utakufa, hakunisikia.

"Unaitwa Wifi," nikasema.

Akaandika. Kisha akainua macho, akaona naona haya kidogo, akatabasamu. "Wifi wa nani?"

"Wangu," nikamwambia.

Pumzika, mpenzi wangu, na umsalimie Mama, umwambie shikamoo yake naileta mwenyewe siku ikifika, sina haraka. Mwambie kibuyu kiko kichanjani, gunzi limekaza, na konzi iko chini.

Ni mimi,
wifi yako wa katani